Mwenye Kiu: Filamu ya Mshairi Aliyekanwa

Kijana mmoja katika jiji la Calcutta anarudi kwao baada ya siku nyingi za kutangatanga. Mama anampokea kwa machozi, lakini kaka zake hawataki hata kumwona. Yeye mwenyewe hakufuata chakula wala pa kulala. Anachouliza ni jalada la mashairi yake liko wapi. Anaambiwa kwamba limeuzwa kwa mnunuzi wa makaratasi machakavu. Kaka zake wanalitamka jambo hilo bila ya haya, kwani kwao karatasi yenye ubeti haina tofauti na gazeti la juzi: zote mbili hutiwa katika mizani moja, na mizani hiyo si ile waijuayo washairi. Kijana anakwenda mbio hadi dukani, nako anakuta amechelewa. Mwanamke mmoja amekwisha kupita, akayanunua makaratasi yote.

Mtu aliyewahi kulilia daftari lililoliwa na mchwa hahitaji kufafanuliwa uchungu wa kijana huyo. Wala hahitaji kuelezwa kwa nini filamu inayojengwa juu ya tukio dogo kama hilo imeshika nafasi ya pekee katika nyoyo za wapenzi wa ushairi. Filamu yenyewe ni Pyaasa, maana yake Mwenye Kiu, iliyotoka Bombay mwaka 1957. Guru Dutt ndiye aliyeitayarisha, akaiongoza, na mwishowe akaigiza ndani yake nafasi ya mshairi Vijay. Wapenzi wa senema ya Kihindi aghalabu hutanguliza Awara ya Raj Kapoor, Mother India ya Mehboob Khan au Mughal-e-Azam ya K. Asif, na hawakosi hoja. Lakini anayeupenda ushairi, akitakiwa achague moja tu, ana sababu nzuri ya kuziacha zote hizo na kuishika hii. Katika zile nyengine nyimbo zinalipamba tukio. Katika Pyaasa shairi ndilo tukio lenyewe. Shairi linaandikwa, linauzwa kama taka, linaokolewa, linaimbwa barabarani, linaibwa, linachapishwa, linamtajirisha asiyelitunga, na mwishowe linamfanya mwenyewe alikane jina lake.

Guru Dutt alizaliwa Bangalore mwaka 1925 akapewa jina la Vasanth Kumar Shivashankar Padukone, lakini sehemu kubwa ya utoto wake aliipitisha Calcutta, na jiji hilo halikumtoka. Alijifunza ngoma katika kituo cha Uday Shankar huko Almora, kisha akaingia katika viwanda vya senema. Katika miaka ya 1940, wakati alipokuwa hana kazi, aliandika kisa cha msanii aliyekataliwa na watu wake. Kisa hicho alikiweka kwa muda wa miaka kama kumi. Alipata kwanza jina na fedha kwa filamu nyepesi za mapenzi na ujambazi, ndipo akarudi kukitoa sandukuni, akamkabidhi mwandishi Abrar Alvi akipange upya. Inasimuliwa kwamba nafasi ya Vijay alikuwa amemkusudia Dilip Kumar, nyota mkubwa wa huzuni wa zama zile, na kwamba siku ya kwanza ya kupiga picha Dilip Kumar hakutokea. Guru Dutt akaivaa nafasi hiyo mwenyewe. Kama ni kweli, basi hapana bahati mbaya iliyozaa jema kuliko hiyo. Dilip Kumar angeliigiza huzuni kwa ustadi usio na mfano. Guru Dutt haonekani kuigiza. Amesimama tu, mabega yameinama kidogo, na macho yake yanatazama watu kana kwamba wanazungumza lugha aliyoijua zamani akaisahau.

Hata hivyo mashairi ya Vijay si ya Guru Dutt, na hapo ndipo historia ya filamu hii inapokuwa na uzito zaidi. Aliyeyatunga ni Sahir Ludhianvi, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Abdul Hayee. Alizaliwa Ludhiana, katika Punjab, mwaka 1921. Baba yake alikuwa mwenye ardhi nyingi. Mama yake alimwacha mume huyo na mali zake, akamlea mwanawe katika dhiki. Diwani yake ya kwanza, Talkhiyan, yaani Machungu, ilitoka katikati ya miaka ya 1940 na kumpa sifa kubwa miongoni mwa wasomaji wa Kiurdu. Alikuwa katika kundi la waandishi walioitwa wapenda maendeleo, ambao tangu mkutano wao wa Lucknow mwaka 1936 walishikilia kwamba fasihi ina wajibu kwa mwenye njaa kama iliyo nao kwa mwenye mahaba. Bara Hindi lilipogawanywa mwaka 1947, Sahir alijikuta akiishi Lahore, upande wa Pakistani. Maandishi yake hayakuwapendeza wenye mamlaka, na mwaka 1949 akavuka kurudi India, hatimaye akakaa Bombay. Mwaka 1951 alikutana kazini na Guru Dutt pamoja na mtunzi wa muziki S. D. Burman katika filamu ya Baazi, ambayo ndiyo ya kwanza kuongozwa na Guru Dutt. Miaka sita baadaye watatu hao walikutana tena katika Pyaasa.

Ndani ya Talkhiyan mna shairi moja refu liitwalo Chakle, yaani Madanguro. Sahir alilitunga kabla ya uhuru. Linapita katika vichochoro vya wanawake wanaouza miili yao na kila ubeti unawaita kwa dhihaka wale wanaosifu utakatifu wa Mashariki waje wajionee. Kibwagizo chake kilikuwa cha maneno mazito ya Kiajemi na Kiarabu yaliyofungamanishwa kwa namna ambayo mtu wa baraza la wasomi angeitikisia kichwa, na mchukuzi wa mizigo angeipita bila kugeuka. Guru Dutt alipolitaka shairi hilo kwa filamu yake, Sahir alizibakisha beti zake kadha wa kadha lakini akakibadilisha kibwagizo. Mahali pa wasifu wa Mashariki akawaweka wanaojivunia nchi yao ya Hindi, na swali la wako wapi akaliuliza kwa maneno ya kila siku, yanayofahamika sokoni.

Ni badiliko la mstari mmoja tu, lakini tazama lilivyoligeuza shairi. Lilipotungwa, nchi ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na lawama iliwaendea watu wa dini na wa fasihi ambao walijificha nyuma ya sifa za kale. Lilipoimbwa mwaka 1957, India ilikuwa na miaka kumi ya uhuru. Hapakuwa tena na mgeni wa kubebeshwa dhambi. Uchochoro ulikuwa uleule, mwanamke alikuwa yuleyule, na wanaoulizwa sasa ni watu waliopandisha bendera. Mwaka huohuo Mother India ilifunguka kwa picha za matrekta na bwawa jipya la maji, na Sahir huyuhuyu alikuwa akiandikia Naya Daur nyimbo za wafanyakazi wanaoshikana mikono kujenga nchi. Hapana unafiki katika hilo. Mshairi aliyeweza kuimba matumaini ya kazi aliona kuwa ana haki pia ya kuuliza ni nani aliyeachwa nje ya matumaini hayo.

Wajuzi wa tungo za Kiswahili watalitambua tatizo alilokuwa nalo Sahir. Lugha ya ushairi ina kabati yake ya nguo za sikukuu, na mtungaji huona fahari kuzivaa. Msamiati wa kale na wa Kiarabu huipa beti heshima, na pengine hulipa sikio raha ambayo neno jepesi halina. Lakini upo wakati ambapo heshima hiyo huwa ni pazia. Sahir hakuudharau ustadi wa wazee wake. Beti alizozibakisha bado zina ufundi wa Kiurdu safi. Alichofanya ni kuufungua mlango mmoja, ule wa kibwagizo, ambapo kila msikilizaji lazima apite.

Namna shairi hilo lilivyotiwa katika picha ni kazi ya Guru Dutt na mpiga picha wake V. K. Murthy. Vijay ana habari ya kifo cha mama yake, naye amelewa. Rafiki zake wamempeleka mahali penye mwanamke anayecheza ngoma mbele ya wateja. Nyuma ya pazia mtoto mchanga mgonjwa analia. Mwanamke anataka kuacha kucheza ili amwendee mwanawe. Wenye fedha hawataki ngoma ikatike. Vijay anashindwa kuvumilia, anatoka nje huku akipepesuka, na beti zinamtoka katika vichochoro, baina ya milango iliyo wazi na vikohozi na vicheko vya kununuliwa. Sauti ni ya Mohammed Rafi, nayo haipazwi. Muziki umepunguzwa hata unakaribia kuwa si muziki. Burman, aliyekuwa bingwa wa mahadhi matamu, hapa amejizuia kwa adabu kubwa, akayaacha maneno yatangulie. Murthy naye amewatia watu katika mwanga hafifu, nusu ya uso ikiwa gizani. Hakuna mwanamke hata mmoja katika kichochoro hicho aliyewekwa ili mtazamaji amtamani.

Si hapo tu. Mara kwa mara katika filamu hii Vijay husema au hughani beti bila ya ala, kama wafanyavyo washairi wa Kiurdu katika mikutano yao wanaposoma kwa sauti ya kughani. Anayejua namna utenzi unavyoghaniwa katika barazani za pwani, au shairi linavyotolewa kwa sauti moja bila ya ngoma, hataona ugeni. Watayarishaji wengi wa senema wangeogopa kuwa watazamaji watachoka. Guru Dutt aliamini kwamba neno lililotamkwa vizuri linatosha kumkalisha mtu kitini.

Mwanamke aliyeyanunua makaratasi ni Gulabo, naye ni kahaba. Waheeda Rehman, aliyekuwa mgeni katika senema ya Kihindi baada ya kuonekana mwaka 1956 katika C.I.D., alipewa nafasi hii akiwa hata miaka ishirini hajaitimiza. Vijay anakutana naye usiku, au tuseme anakutana na shairi lake mwenyewe likitoka kinywani mwa mtu asiyemjua. Anamfuata. Gulabo anadhani amepata mteja na anazidi kumvuta kwa wimbo. Alipogundua kuwa kijana hana hata senti, anamfukuza kwa matusi, na baadaye tu, kwa karatasi iliyoanguka, anatambua aliyemfukuza ni nani. Mpango mzima wa filamu umo katika tukio hilo. Watu waliosoma, wenye maktaba na viti vya ngozi, hawakuyataka mashairi hayo bure. Mwanamke wa barabarani ameyalipia, ameyahifadhi moyoni, tena anayatumia katika kazi yake, kwani ndiyo maneno mazuri kuliko yote aliyo nayo. Wengine wataona hapo kuna aibu kwa shairi. Filamu haioni hivyo.

Upo pia wimbo mmoja wa Geeta Dutt, mke wa Guru Dutt, ambao unastahili kusemwa peke yake. Mwimbaji wa njiani anaimba kwa mtindo wa nyimbo za ibada za Kibengali, zile zinazosimulia hamu ya Radha kwa Krishna. Gulabo anaisikia sauti hiyo huku Vijay amesimama juu ya dari, naye hajui kama anatazamwa. Anapanda ngazi, anamkaribia kwa nyuma, mkono unataka kumgusa, kisha anarudi nyuma. Hamgusi. Mahaba ya mja kwa Mungu wake yamekuwa lugha ya mwanamke ambaye kazi yake imemnyima lugha nyengine ya mahaba. Kwa msomaji aliyelelewa na kasida na tungo za kisufi, ambamo mpenzi anayetajwa huweza kuwa mtu au akawa Mola, tukio hilo halihitaji mkalimani.

Upande wa pili yupo Meena, aliyeigizwa na Mala Sinha. Huyu alikuwa mpenzi wa Vijay walipokuwa chuoni, akamwacha akaolewa na Ghosh, mchapishaji tajiri, kwa sababu aliutaka utulivu wa maisha ambao mshairi hakuweza kumpa. Filamu dhaifu ingemfanya fisadi. Hii inamwonesha kama mtu aliyefanya hesabu ambayo wengi huifanya, na anayeujua uzito wa hesabu hiyo kila usiku. Ghosh anamwajiri Vijay, si kwa huruma bali kwa kuwa ameshuku jambo na anataka kuwatazama wawili hao wakiwa karibu. Nyumbani kwake kuna karamu ya washairi wenye majina, na Vijay anawazungukia na sinia ya vinywaji. Ni yeye mtumishi anayefungua kinywa na kusema beti iliyo bora kuliko zote za usiku huo.

Kisha kinakuja kifo cha uongo. Vijay, aliyekata tamaa, anampa koti lake ombaomba anayetetemeka kwa baridi karibu na reli. Garimoshi linamuua ombaomba huyo, na katika mfuko wa koti yanapatikana maandishi ya Vijay. Magazeti yanatangaza kuwa mshairi amejiua. Gulabo anakusanya vito vyake, anakwenda kwa Ghosh na kumwomba ayachapishe mashairi. Ghosh anachapisha, maana mshairi maiti ni biashara nzuri: hadai malipo, habadilishi mawazo, na kila mtu anaweza kusema kuwa alikuwa rafiki yake. Diwani inanunuliwa kama mkate. Wakati huo mwenyewe yu hospitalini, hasemi wala hajijui, mpaka muuguzi aliyeketi karibu naye anapoanza kusoma kitabu kipya kinachopendwa mjini. Maneno yake mwenyewe yanamwamsha. Anasema jina lake, na kwa kulisema anapelekwa kwa wagonjwa wa akili. Ghosh anaitwa kumtambua, anamkana. Kaka zake wamekwisha kulipwa, nao wanamkana.

Hapa ndipo mtu anapoikumbuka Mombasa. Muyaka bin Haji, malenga aliyeufanya ushairi uingie katika siasa, biashara na mizaha ya mji, alifariki karibu na mwaka 1840. Hakuacha diwani. Tungo zake zilibakia katika vichwa vya watu wa mji, na lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyezikusanya na kuzifafanua pamoja na mmisionari W. E. Taylor katika miaka ya 1880, sehemu kubwa tuliyo nayo ingekwenda na wazee waliokuwa wakiikumbuka. Kitabu chenyewe, kilichohaririwa na William Hichens, kilitoka Johannesburg mwaka 1940: miaka mia moja, au karibu na hiyo, baada ya mwenyewe kuzikwa. Katika muda wote huo nani alikuwa mlinzi wa Muyaka? Hatuna majina yao wote. Walikuwemo mabaharia, wanawake wa majumbani, watu waliohitaji beti ya kumpigia mwenzao kijembe. Gulabo wa Mombasa hawakuandikwa.

Na upo mfano wa karibu zaidi, ambao karatasi zake zilikwenda njia ya kinyume. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kutoka mwaka 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake wa Kenya: Twendapi?, aliandika mashairi yake kwa siri juu ya karatasi za chooni. Yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo iliyokuwa na jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Guru Dutt angelipewa kisa hicho, wakosoaji wangemwambia amezidisha chumvi.

Pwani ilikuwa na uhusiano mwengine na senema za Kihindi, nao ulipita masikioni. Filamu hizo zilikuja kwa meli kutoka Bombay, zikaonyeshwa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, na katika jumba la Majestic lililoko Vuga watu waliingia wasioelewa neno la Kihindi wakatoka na mahadhi midomoni. Mahadhi hayo yaliingia katika taarabu. Mombasa, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, alijulikana zaidi kuliko wote kwa kuyavisha maneno ya Kiswahili. Wengi wa tungo zake nzuri zilitoka kwa jamaa yake Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye Malenga wa Mvita, na hao wawili walibahatika kutajwa pamoja. Wengine hawakubahatika. Ni mara ngapi wimbo wa taarabu hupigwa, mwimbaji akatajwa na kutunzwa, na mtungaji wa maneno ameketi safu ya nyuma au hakualikwa? Sahir aliijua hali hiyo. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyeishinikiza redio ya taifa ya India hadi ikakubali kulitaja jina la mshairi kila wimbo unapopigwa, kando ya jina la mwimbaji na la mtunzi wa muziki. Baada ya Pyaasa yeye na Burman hawakufanya tena kazi pamoja, na chanzo kinachotajwa mara nyingi ni swali hilohilo: mafanikio ya nyimbo yalikuwa ya nani, ya maneno au ya sauti? Filamu inayomlilia mshairi aliyenyang'anywa mashairi yake iliwatenganisha mshairi na mwanamuziki wake.

Tukio la ukumbi ndilo lililoifanya filamu hii kuwa maarufu. Ni kumbukumbu ya mwaka wa kifo cha Vijay. Ghosh yuko jukwaani anahuzunika kwa ufasaha. Mkandaji Abdul Sattar, ambaye Johnny Walker alimwigiza kwa ucheshi, amemsaidia Vijay kutoroka kwa wagonjwa wa akili. Sasa mlango wa nyuma ya ukumbi unafunguka, na mtu amesimama kizingitini, mikono ameitandaza kwenye miimo ya mlango, nuru ikimpiga kwa nyuma hata uso hauonekani. Mapema katika filamu Meena alionekana ameshika gazeti lenye picha ya Kristo msalabani; aliyeiona picha ile hawezi kuisahau mbele ya mlango huu. Kutoka kizingitini Vijay anaanza kuimba, taratibu, shairi la kuitupilia mbali dunia inayothamini taji na dhahabu kuliko roho ya mtu. Sauti inapanda kidogo kidogo mpaka mwishowe inataka moto. Taa zinazimwa, watu wanakanyagana.

Lakini tukio lililo kubwa kuliko hilo ni jengine, nalo halina wimbo. Kaka zake na wale waliomkana, wakiona kwamba Vijay aliye hai sasa ana bei, wanamtambua kwa moyo mmoja. Unaandaliwa mkutano mwengine wa kumtukuza. Umati umejaa, mashada ya maua yameandaliwa, na jina lake linatajwa kwa shangwe. Anasimama mbele yao na kusema kuwa yeye siye Vijay wanayemtaka. Umati uliokuja kumbusu mikono unamgeukia kwa mawe ya maneno na fujo. Walipomkana alidai jina lake, walipomkubali amelirudisha. Wapo wasemao kwamba huko ni kususa kitoto, na kwamba mshairi mwenye busara angelichukua jukwaa hilo na kulitumia. Hoja hiyo ina nguvu. Filamu yenyewe ina mahali inapomwonea Vijay huruma kupita kiasi, kana kwamba katika Calcutta nzima hapakuwa na mtu mwengine aliyeumia, na wimbo wa mkandaji, ingawa unafurahisha, umewekwa ili watu wapumue. Hata hivyo swali ambalo Vijay amelipa kisogo si dogo. Jina lake limekuwa mali ya Ghosh. Akilikubali mbele ya umati, atakuwa amekubali pia kuwa aliyemfanya Vijay ni soko.

Guru Dutt hakupata fursa ya kulikataa soko kwa namna hiyo. Soko ndilo lililomkataa yeye. Pyaasa ilipendwa na watazamaji. Miaka miwili baadaye, mwaka 1959, alitoa Kaagaz Ke Phool, yaani Maua ya Karatasi, filamu ya kwanza ya Kihindi kupigwa kwa skrini pana ya sinemaskopu, juu ya mwongozaji wa senema anayeshuka kutoka umaarufu hadi upweke. Ilianguka vibaya. Baada ya hapo hakuweka tena jina lake kama mwongozaji wa filamu yoyote, ingawa aliendelea kutayarisha na kuigiza. Tarehe 10 Oktoba 1964 alikutwa amekufa chumbani mwake Bombay, kwa pombe na dawa za usingizi, akiwa na miaka thelathini na tisa. Geeta Dutt alimfuata mwaka 1972, na Sahir mwaka 1980. Sifa zikaja. Kaagaz Ke Phool iliyozomewa ikafundishwa kwa wanafunzi wa senema. Mwaka 2005 gazeti la Time la Marekani liliiweka Pyaasa katika orodha ya filamu mia moja bora za dunia. Mwaka 2010 V. K. Murthy alikabidhiwa tuzo ya Dadasaheb Phalke, wa kwanza kuipata miongoni mwa wapiga picha, naye alikuwa mzee wa miaka themanini na ushei. Waheeda Rehman alikabidhiwa tuzo hiyohiyo mwaka 2023. Kumbukumbu zikaandaliwa, hotuba zikasomwa, na Guru Dutt hakutokea mlangoni.

Katika filamu, usiku baada ya fujo za ukumbini, Meena anamwuliza Vijay kwa nini anakimbia. Anamjibu kwamba hana ugomvi na mtu yeyote. Ugomvi wake ni na jamii inayomtoa mtu katika utu wake na kumfanya adui wa ndugu na rafiki. Halafu anaondoka. Nyumbani kwake Gulabo amelala, mgonjwa, na sauti ya mtu anayelitaja jina lake inamwamsha. Anashuka ngazi kwa kukimbia, nusura aanguke. Vijay amesimama chini. Amekuja kumwambia kwamba anakwenda zake mbali, na kumwuliza kama atafuatana naye. Wanatoka pamoja kwa miguu, migongo wametupa sisi watazamaji, mpaka ukungu ukawafunika.